Muchikichi wa Asani ng'ambo ya kijito

Kasongo, tarehe 9/3/2025

Kwa yaya Régina, dada yangu mukubwa, mutu wa kunigombeza tangu utoto,

Nakusalimia weye, mama, shemeji na watoto, pamoja na ile mbuzi ya shemeji inayokulaga nguo ku kamba. Miye niko muzima kabisa, mashavu yanaanza kujaa. Mama Subira, mwenye nyumba ninamolala, anawasalimia. Kila asubuhi akitoka kuswali ananiambia: «Fabrice, kazi yako haramu, lakini kodi yako naipokea.» Tunacheka, ananipa chai.

Yaya, usinione tena kama yule Fabrice aliyeacha masomo mwaka wa pili. Hapa Kasongo miye ni mutu. Ku nganda, baa ya patron Jean-Pierre, nilianza na fagio, leo ufunguo wa stoo uko mufukoni mwangu. Mutu akisimama tu mulangoni najua atakunywa nini. Mutu wa ofisi, Primus. Kijana mwenye simu kubwa, Skol. Aliyepita Katanga, Simba, na atakupigia hadithi za Lubumbashi bila kuulizwa. Aliyegombana na muke wake anataka Turbo King, ile nyeusi, na hataki kuzungumza. Chuo kikuu gani kinafundisha mambo haya? Niambie.

Lakini kuna shida. Tangu vita ilipofika Bukavu, lori za bia haziji tena. Ile inayotoka Kindu inakuja kidogo, na ikifika bei yake imepanda hata watu wanaisalimia tu, hawainywi. Ku etajeri yetu chupa zote zimesimama kwa mustari, nzuri sana, lakini ndani ni maji na chai kavu. Vifuniko nilivirudisha mwenyewe kwa nyundo. Juzi mukubwa mumoja wa ofisi akaonyesha kidole: «Nipe ile.» Nikamujibu: «Samahani mukubwa, ile iko ya gavana.»

Basi patron alikuwa karibu kufunga. Nikamuambia, patron, kwetu kuna malafu. Malafu ya michikichi ya kwetu, pikipiki ikitoka jogoo la kwanza, saa tisa inanywewa hapa. Yaya, ongea na mujomba Faradji. Asigeme juu ya muti kama wazee, tone kwa tone. Aangushe chini ile michikichi mizee ya nyuma ya shamba isiyozaa tena, atoboe moyo wa kila muti, itatoa malafu majuma mazima. Kamaldine wa pikipiki atapita na mabidon. Barua mumpe yeye, maana kule kwenu rezo ya simu mpaka mutu apande kilima kama anaenda kusali.

Ni miye mudogo wako, tajiri wa kesho,
Fabrice


Kwetu, njia ya Kabambare, tarehe 30/3/2025

Mudogo wangu Fabrice,

Salamu zako tulizipata, mbuzi pia nimeisalimia. Mama muguu unamuuma tangu mvua zianze, lakini anaenda shambani, hasikii mutu. Shemeji yako anauliza kama tajiri wa kesho atakumbuka kumununulia jembe leo.

Mujomba Faradji amekubali. Ameangusha michikichi mine ya nyuma ya shamba, ile mizee. Malafu ni nzuri, Kamaldine ameionja mpaka tulimunyang'anya kikombe.

Jambo moja nakuambia kwa sababu najua kichwa chako kinavyosahau. Michikichi ya kitovu haiguswi. Kitovu cha kila mutoto wa mama kilizikwa, na juu yake muchikichi ulipandwa. Mwenyewe akiwa hai, muti wake unasimama, hata njaa ikitumaliza. Akifa ndiyo unaangushwa, na malafu yake inanywewa siku ya kuondoa matanga, halafu jina lake halitajwi tena mu nyumba ya mama. Hayo siyo mambo ya nganda. Nimemukumbusha na mujomba.

Mama anauliza juu ya kaka yako Asani. Tangu aende kuchimba dhahabu Lusangi hatujapata neno lake, sasa miezi inapita. Watu wanasema shimo moja lilianguka kule. Wengine wanasema siyo Lusangi. Weye uko mahali watu wanapita na kunywa na kusema. Ukisikia kitu, andika. Kizuri, kibaya, andika.

Yaya wako,
Régina


Kasongo, tarehe 27/4/2025

Kwa yaya Régina, sista asiyevaa kitambaa,

Barua yako inafanana na mahubiri ya Kwaresima, lakini nimeisoma yote. Muguu wa mama aupake mafuta ya moto, na amuambie shemeji abebe mihogo, mikono yake haijaoza.

Yaya, malafu imewafanya watu wazimu! Jioni viti vinakosekana. Hata watu waliokuwa wanasema malafu ni ya washamba, sasa wananyoosha vikombe vya plastiki kama watoto wa shule. Nimeipa jina, «Bukavu imefungwa». Mutu anaingia anasema: «Fabrice, nipe Bukavu moja.» Patron Jean-Pierre anacheka mpaka tumbo linaruka. Ameniambia mbele ya watu wote: «Huyu mutoto bila diploma ameokoa nyumba yangu.» Niliwaambia wote warudie, sikusikia vizuri.

Sasa ile mine inaisha. Mwambie mujomba akate michikichi ya ng'ambo ya kijito. Yote. Asiache hata mumoja umesimama, na asiulize-ulize. Ninajua ninachosema.

Juu ya yaya Asani, nimekutana na watu wa Lusangi hapa. Mambo ya mashimo, unayajua. Tuyaache hayo leo, nitakueleza siku nyingine, wateja wananiita mpaka masikio yanauma.

Kamaldine amesimama mulangoni anapiga honi,
Fabrice


Kwetu, tarehe 18/5/2025

Mudogo wangu Fabrice,

Tuko wazima, sisi tuliobaki.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya mama na mujomba Faradji, kama kawaida. Nilipofika pale uliposema asiache hata mumoja umesimama, mujomba akanikamata mukono. «Soma tena.» Nikasoma tena. Akauliza: «Na juu ya Asani anasema nini?» Nikasoma: tuyaache hayo leo.

Mujomba akakaa chini. Akasema: «Muchikichi wa Asani uko ng'ambo ya kijito. Alizaliwa kule kwa bibi yake. Huyu mutoto iko na mudomo mukubwa, lakini neno hili limemushinda. Hawezi kuandika ndugu yake amekufa. Ameandika, kata.»

Mama hakulia. Aliweka kikapu cha mihogo chini, polepole, kama kina mayai. Akauliza: «Nani ataenda kuangusha?»

Muti uliangushwa siku ya tatu. Tulikaa matanga, watu walitoka mpaka vijiji vya mbele. Ile malafu tuliinywa jana jioni, mama alikunywa wa kwanza. Malafu ya ile miti mingine ya ng'ambo, iliyoangushwa pamoja nao, tuliimwaga, hatukuona tena ni ya kuuza.

Hatukukasirikii. Kwanza nilikasirika, nikasema angekuja mwenyewe. Halafu nikaelewa. Asante kwa kutuambia kwa njia hiyo, hukumupiga mama na neno usoni.

Bidon moja ndogo nakutumia kwa Kamaldine. Siyo ya nganda. Ni sehemu yako ya matanga, kunywa weye peke yako, huzuni ikutoke. Na tuambie tu alizikwa wapi. Jina lake unaona siliandiki.

Yaya wako,
Régina


Kasongo, tarehe 4/6/2025

Yaya Régina,

Asani iko hapa. Iko hai. Anakula wali wa Mama Subira mbele ya macho yangu sasa hivi ninavyoandika, na anamaliza sufuria.

Yaya, miye sikujua kitu! Niliandika «yote» kwa sababu nilitaka malafu mingi, basi. Miye nilifikiri muti wake uko nyuma ya nyumba pamoja na wa kwangu na wa kwako. Ng'ambo ya kijito nilikuwa naendaga kukamata kaa tu, nani alinionyesha muti wa nani? Na yale ya watu wa Lusangi, hawakuwa na habari yoyote, niliona haya kuandika sijui kitu, miye mutu wa kujua yote. Njo vile.

Sikia ilivyokuwa. Kamaldine alishikwa na malaria njiani. Bidon akaipa motard mwingine wa pikipiki, barua ikabaki mu koti yake majuma mawili. Kwa hiyo bidon ilifika peke yake, bila neno. Nikasema, ah, kwetu wamenikumbuka. Jioni ile ile mutu mumoja amekonda kama fimbo anaingia ku nganda, anasimama, sikujua hata atakunywa nini. Akasema: «Weye mutoto, unaacha ndevu hizo zikufanye nini?» Ilikuwa yaya Asani! Alitoka Lusangi zamani, akaenda mashimo ya mbali zaidi, simu ikaanguka majini. Hakupata hata punje ya dhahabu, akaona haya kurudi mikono mitupu. Nilipiga kelele, nikamukalisha kiti cha patron, na kikombe cha kwanza cha ile bidon nikamupa yeye. Akasema: «Hii tamu. Hii ya wapi?» Nikamujibu: «Ya kwetu!» Akaongeza. Tulimaliza yote, sisi wawili na wateja.

Jana Kamaldine akaleta barua. Niliisoma peke yangu nyuma ya nganda. Halafu nilimusomea yeye. Alicheka kwanza. «Basi nimekunywa matanga yangu.» Halafu akaacha kucheka, akaenda kunawa mudomo. Alinawa muda mrefu.

Lakini yaya, nimefikiri sana, na miye kichwa changu unakijua. Maiti hainywi. Sivyo? Kama yeye mwenyewe amekunywa ile malafu, basi matanga yale hayakuwa ya mutu. Mwambie mujomba hivyo, neno hilo hata hakimu hawezi kulijibu. Juma lijalo Kamaldine anamuleta. Pikeni kuku. Mumupokee na vigelegele na munitukane miye hata mwezi muzima, nitavumilia.

Fabrice, mujinga wenu


Kwetu, tarehe 22/6/2025

Fabrice,

Kuku alipikwa. Nilimupika miye.

Kamaldine alifika naye kabla jua halijazama. Watoto walikimbia, wengine kumufuata, wengine kumukimbia. Miye nilimushika mikono, ni ya moto, ni yeye. Nililia, nikamuvuta mpaka mulango wa mama. Mama alikuwa ndani, amesikia kila kitu. Akafunga.

Asani akasema: «Mama, ni miye.»

Mama akajibu kutoka ndani: «Ninakusikia.»

«Basi nifungulie.»

«Umefuata nini? Sehemu yako si ulishakunywa kule Kasongo?»

Lile neno lako la hakimu nililisema. Mama akasema hata marehemu wanakunywaga, wanakuja kuchukua sehemu yao, ndiyo maana tunawamwagia chini. Ulitupa jiwe, likakurudia.

Mujomba Faradji alijaribu, akapiga magoti ku mulango, muzee kama yule. Halafu akanieleza pembeni: «Mama yako siyo mupumbavu. Anajua huyu ni mutoto wake. Lakini alikunywa ile malafu wa kwanza, kwa mukono wake. Kama mutoto iko hai, basi yeye njo amemunywa. Afungue mulango namna gani? Na ule muti, kwetu mutu bila muti iko mzimu. Muti haurudishwi juu ya kisiki, na kitovu hakizikwi mara ya pili.»

Asani alilala siku mbili mu jiko la mujomba. Watu walipita barabarani wakiangalia upande mwingine. Asubuhi ya tatu alipanda pikipiki kurudi kwako. Alikuwa hana hasira. Aliniambia: «Yaya, mutu akiitwa amekufa na watu wengi vile, anaanza kusadiki.» Neno hilo linanitesa. Mama hali chakula. Anakaa ku dirisha linaloangalia kijito, na ng'ambo hakuna kitu cha kuangalia.

Usimuache peke yake huyo. Usiku usimuache.

Régina


Kasongo, tarehe 13/7/2025

Kwa yaya Régina,

Salamu kwa wote, hata kwa mama, hata kama hataki za kwangu.

Yaya Asani iko hapa lakini ni kama haiko. Anakaa ku ukuta wa Mama Subira, akipewa chakula anakula, asipopewa haulizi. Mama Subira ameniambia: «Huyu ndugu yako, nikimusalimia anajibu kama mutu aliye kisimani.» Juzi nilimukuta anafunga mufuko wake. «Unaenda wapi?» «Ku mashimo.» «Hukupata kitu kule!» «Kule hakuna anayeuliza kama niko hai.» Nilikaa juu ya ule mufuko mpaka asubuhi. Anaenda kule kufa, yaya. Hasemi hivyo, lakini siyo lazima aseme.

Na unajua nini? Jana bia imerudi. Simba, toka Katanga, kaziye kwa kaziye za chupa juu ya baiskeli, vijana wanasukuma matope mpaka magotini. Nganda nzima ilipiga makofi. Patron Jean-Pierre akanipa chupa ya kwanza nifungue, sababu ya kazi yangu nzuri. Na wateja wote, wale wa «nipe Bukavu moja», malafu wameisahau siku hiyo hiyo, wanasema ilikuwa inawaumiza tumbo. Miezi mine, yaya. Kwa miezi mine ya kiu ya watu hawa niliangusha kaka yangu. Nilifungua chupa. Sikukunywa.

Sasa sikia, na usome mbele ya mama na mujomba kwa sauti, na ukifika hapa usipunguze sauti.

Muti ulioangushwa ng'ambo ya kijito ulikuwa wa kwangu, miye Fabrice. Muchikichi uliosimama nyuma ya nyumba, ule wa kushoto munaouita wa kwangu, ni wa Asani. Naupeana. Mujomba aite wale wote walionywa, awaambie hivyo, na waseme wamesikia. Matanga yalikuwa yangu. Malafu mama aliyokunywa ilikuwa yangu, na haikumuua mutu mwema, ilimuua mujinga mumoja wa Kasongo. Asani alikunywa matanga ya mudogo wake, ni haki yake, hakuna kosa.

Usiniambie kitovu kilicho chini ya ule muti ni cha nani. Kitovu hakizungumzi. Miye njo ninazungumza, na kwa mara ya kwanza mu maisha yangu ninajua ninachosema.

Mujomba akisema basi Fabrice hawezi tena kuja nyumbani, mujibu: yeye mwenyewe anajua hesabu hiyo, alisoma mpaka mwaka wa pili. Miye niko sawa hapa. Nitakuwa mzimu wa kwanza mwenye ufunguo wa stoo. Usicheke. Au cheka kidogo.

Asani nimemuambia unamuita kwa kazi ya paa la mama. Hajui kitu kingine. Anatoka kesho na barua hii, na safari hii Kamaldine ameapa kwa Mungu wake kuishika mukononi.

Fabrice


Kwetu, tarehe 17/8/2025

Kwa weye unayekaa Kasongo,

Nilisoma kwa sauti, sikupunguza. Mujomba aliwaita watu. Mumoja mumoja alisema amesikia. Wa mwisho kuulizwa alikuwa mama. Watu walianza kuangaliana. Halafu akasema: «Nimesikia,» akainuka, akafungua mulango, akamuambia Asani: «Umekonda. Ingia.»

Sasa anakula. Anatengeneza paa kweli. Asubuhi mama anamutuma kuokota ngazi, zile mbegu za mafuta, chini ya ule muti wa kushoto, anamusimamia pale pale mpaka amalize. Jana nilimusikia anapiga miluzi, mbaya kama zamani.

Weye, usije. Nakuambia miye, maana hakuna mwingine atakayekuambia. Hata Noeli. Mama alikunja mukeka wako, akampa mutoto wangu mukubwa. Jina lako watoto wamekatazwa, na yule mudogo aliposahau katazo akalitaja, alipigwa. Mama alimupiga yeye mwenyewe, halafu akaingia ndani, hakutoka mpaka chakula cha jioni.

Lakini nataka ujue jambo moja. Kila Kamaldine akipita, mama anatoka barabarani na muguu wake ule mubaya. Anamushika usukani wa pikipiki. Hamuulizi juu ya mutu yeyote. Anamuuliza tu: «Kule Kasongo, watu wanakula?»

Kamaldine anamujibu: «Wanakula, mama.»

«Wanalala vizuri?»

«Wanalala.»

Anaachia usukani.

Régina